Mkaguzi Aliyefunua Kalenda

Mkaguzi hakunywa chai ya mtu kabla hajafunua kalenda. Ukimkaribisha sebuleni alikuitikia vizuri, akakuuliza hali ya watoto na ya mahindi, akavua kofia, kisha akaenda moja kwa moja ukutani palipotundikwa kalenda ya kanisa na kuinyanyua kwa kidole kimoja. Kwetu Upareni, mwenye nyumba yenye ufa haanzi kwa kununua saruji. Anaanza kwa kalenda. Sisi Walutheri tuna ya usharika, Wakatoliki wana ya parokia, na zote zina upana wa kutosha kuficha ufa wa kiasi. Mwenye nyumba mmoja aliwahi kusimama mbele ya kalenda yake kama askari wa lindo, akamwambia, "Mzee, si unajua, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Kweli kabisa," Mkaguzi akamjibu. "Sogea basi tuuone."

Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba kabla kampuni ya bima haijakubali kuzibeba. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja hapa Same, karibu na stendi, chini ya bati lililotupika kuanzia saa nne asubuhi. Nilifanya kazi naye miaka tisa. Alipostaafu nikarithi kiti chake, mkoba wake na ubishi wake, naye akarudi mlimani kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo katikati ya mashamba ya tangawizi. Mwaka jana nilitumwa kuikagua nyumba hiyo. Binti yake anayeishi Moshi alikuwa amempa sharti: nyumba ikikubaliwa bima, baba na mama wabaki, ikikataliwa, wafungashe, wahamie kwake mjini. Jibu lilikuwa mikononi mwangu. Nitafika huko, ila hutaelewa uzito wa siku ile kama humjui mtu mwenyewe.

Tuanze na kishikwambi. Kampuni ilipotuletea vishikwambi vyenye ramani za majanga, wengi tulidhani Mkaguzi atavisusa, maana alikuwa mtu wa daftari na kalamu ya risasi. Kumbe alivipenda kuliko sisi vijana. Unasimama mlangoni mwa nyumba, unabofya, ramani inakuonyesha mteremko una ukali gani, mto uko mbali kiasi gani, mvua hunyesha vipi, kisha inaipaka nyumba rangi: kijani, njano au nyekundu. Ada ya bima hufuata rangi. Mkaguzi alikuwa akiitazama ramani hiyo hata wakati wa chakula cha mchana, akiisogeza kwa kidole kutoka Same hadi ng'ambo ya milima, akiguna. "Angalia," aliniambia, "kumbe hili korongo linatokea kule! Miaka yote napita hapa sijui." Alifurahi kama mtoto aliyeonyeshwa nyumba yao kutoka juu ya mnara wa kanisa.

Lakini alikuwa na neno lake. "Kishikwambi hakinusi," alisema. Na yeye alinusa. Aliinama kwenye pembe za vyumba, akavuta pumzi ukutani, mbele ya wenye nyumba, nami nikitamani ardhi inimeze. Aliweza kutambua unyevu wa masika yaliyopita chini ya rangi mpya. Akishamaliza kunusa ndipo alipokaa kwenye kiti, akapokea chai, na kama kuna makande akayala mpaka mwenye nyumba akafurahi tena. Kabla ya hapo hakugusa kitu. Kwetu kumkatalia mtu chakula ni kumtukana, na akina mama walinuna kwelikweli. Yeye aliwajibu wote jibu moja: "Nitakula nikimaliza, mama. Nikila sasa nitaanza kuipenda nyumba."

Nisije nikamfanya malaika. Mtu huyu aliyepima mvua za wenzake alilowa kila mwaka. Hakuwa na mwavuli na hakutaka kuazima. Asubuhi angetazama mawingu juu ya mlima, atamke kwa uhakika kwamba leo hainyeshi, na ikifika saa nane tungekuwa tumejibanza kwenye baraza la duka la mtu, maji yakimchuruzika kofiani. Hakuomba msamaha. Alisema mvua ile haikuwa kwenye mpango. Alikuwa pia mbishi wa kupitiliza, na mwenye aibu ya ajabu kwenye mambo yake binafsi. Angeweza kumwambia tajiri mbele ya wafanyakazi wake kwamba ghala lake ni bovu, lakini kama amesahau miwani hakuthubutu kumwomba mtu amsomee. Angeishika karatasi mbali, akitikisa kichwa, mpaka mimi nijifanye nasoma kwa sauti.

Ghala lenyewe lilikuwa Kihurio, kule tambarare kwenye mpunga. Ramani ililipaka kijani kibichi. Mto ulikuwa mbali na ardhi inaonekana bapa. Mwenye ghala alishaandaa kalamu ya kusaini. Mkaguzi akavuka barabara kwenda kwa bibi mmoja jirani aliyekuwa akipepeta mchele, akamwamkia shikamoo, wakaongea Kipare kidogo, kisha akamuuliza, "Bibi, masika vyura hulia wapi hapa?" Bibi hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha ungo kuelekea ghalani. Mwenye ghala alitukana siku ile, lakini aliinua sakafu kama alivyoagizwa. Masika fulani maji yalikuja, yakapanda ngazi moja, yakaishia hapo. Akamletea Mkaguzi gunia zima la mchele ofisini. Mkaguzi akalirudisha lilivyo, na wiki iliyofuata akaenda kununua mchele uleule dukani kwa yule bwana, akilalamika kwamba kipimo kimepungua.

Sasa kosa langu. Sijawahi kulisimulia kwa raha, ila bila hilo nisingekuwa na cha kusimulia.

Nilikuwa mgeni kazini. Kijiji kimoja juu kabisa, Pare ya kusini, kiliomba bima ya pamoja, nikatumwa nikachukue mahali ilipo kila nyumba. Nilizunguka siku tatu, vilima na mabonde, nikajaza fomu thelathini na moja kwenye kishikwambi. Kijiji hakikuwa na mtandao isipokuwa sehemu moja: jiwe kubwa lililokaa ukingoni mwa genge la mlima, wenyewe wanaliita Jiwe la Mtandao. Jioni utakuta watu wamesimama pale, simu zimeinuliwa juu, kila mmoja anaongea na ndugu yake. Nami nikasimama pale, nikabofya "tuma" mara thelathini na moja, nikashuka Same nikijiona hodari. Sikujua kwamba fomu ile haikuweka mahali ulipoijazia. Iliweka mahali uliposimama wakati wa kuituma.

Baada ya wiki jibu likaja: kijiji kizima kimekataliwa. Kwenye ramani, nyumba zote thelathini na moja zilikuwa zimerundikana juu ya jiwe moja, nusu yake hewani, nyekundu pyu.

Mkaguzi aliitazama ramani ile kwa muda mrefu. Hakufoka. Alisema tu, "Kesho tunapanda." Tulipofika akanipeleka moja kwa moja kwenye jiwe, akapanda juu kwa shida, akaniita nipande.

"Haya, mwanangu. Nionyeshe nyumba."

"Mzee..."

"Ziko thelathini na moja. Nionyeshe hata moja."

Palikuwa na mbuzi wawili, na baba mmoja aliyekuwa akimpigia kelele mwanawe aliyeko Dar. Mkaguzi akawatazama mbuzi, akamtazama yule baba. "Huyu naye tumkatie bima?" akauliza. Nililia palepale, na upepo wa genge ukinipiga. Akasubiri nimalize, akaniuliza kama viatu vinanibana, niliposema hapana akashuka, na tukaanza upya kutoka nyumba ya kwanza. Siku mbili. Kila mlangoni alisimama akasema, "Bofya hapa. Mguu wako uwe kizingitini." Kijiji kilikubaliwa. Miaka mingi baadaye, nikipekua makabati, niliiona barua aliyoipeleka makao makuu. Hakuandika jina langu. Aliandika kwamba fomu za awali zilikuwa na kasoro ya ukaguzi, akasaini yeye. Nilimpenda mzee huyu siku nyingi kabla ya hapo, lakini siku ile nilikaa sakafuni na karatasi yake mapajani.

Kwenye safari hiyohiyo ya kurudia nyumba ndipo aliponifundisha kuuliza habari za ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, kazi ya mababu zetu. Hujaa maji usiku, asubuhi hufunguliwa yakamwagilie mashamba ya chini. Ni ndogo mno, ramani haiioni. Lakini nyumba iliyo chini ya ndiva inayovuja iko hatarini kuliko nyumba iliyo kwenye genge. Na ndiva haitunzwi na mtu mmoja. Hupigwa pembe, watu hutoka na majembe, wanazibua tope na kuziba kingo. Hiyo ndiyo kazi ya pamoja tunayoiita msaragambo. Basi Mkaguzi alimuuliza kila mwenye nyumba wa mlimani swali moja: "Msaragambo wa mwisho ulikuwa lini?" Fomu haikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Alilibana chini kabisa, penye "Maelezo mengine". Watu wanaopigiana pembe, alisema, nyumba zao hazianguki ovyo. Hata shemeji yake mwenyewe, Mkaguzi alimnyima kijani kwa sababu ya swali hilo, wakakaa miaka miwili hawasalimiani vizuri kanisani.

Basi, siku ile ya mwaka jana nilifika kwa Mkaguzi saa tano asubuhi, kwa bodaboda, vumbi la Same bado liko kwenye nyusi na baridi ya mlima inaniuma masikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama ana makande jikoni, yameiva."

"Nitakula nikimaliza."

Akacheka, akampigia mkewe kelele, "Umesikia? Anataka kunirudishia yote!" Lakini hakuketi. Alibaki amesimama, mkono nyuma ya kiti. Nikasimama kizingitini nikabofya. Kijani. Mteremko wa wastani, mto hakuna. Nilipumua. Kisha nikatazama ukuta wa nyuma, ule uliochimbiwa mlimani, nikaiona kalenda.

Ilitundikwa usawa wa kiuno. Chini yake walikuwa wamesukuma kiti. Hakuna mtu mzima ambaye angeisoma bila kuinama.

"Hapo pana ukuta tu," alisema Mkaguzi.

"Sogea basi tuuone," nikasema.

Akasogea. Nilivuta kiti, nikainyanyua kalenda kwa kidole kimoja. Ukuta ulikuwa umelowa, rangi imevimba. Na kwenye unyevu ule kulikuwa na mistari ya kalamu ya risasi, imenyooka, mitano, mmoja juu ya mwingine, na pembeni ya kila mstari mwandiko wake ninaoujua: masika, na mwaka. Kila mwaka mstari ulikuwa umepanda, kwa kadiri unyevu ulivyopanda. Tangu astaafu alikuwa akiikagua nyumba yake mwenyewe, na jibu alikuwa nalo.

Mkewe alisimama mlangoni na mwiko. "Anadhani sijui," aliniambia. "Kalenda ya mwaka juzi, imetundikwa usawa wa mbuzi. Nani anaisoma?"

Nikapanda peke yangu kwenye ndiva iliyo juu ya nyumba yake, nikitafuta unyevu ule unatoka wapi, maana goti lake halipandi tena. Haikuwa mbali, dakika ishirini. Tope lilikuwa limeijaza nusu, miti midogo imeota kwenye kingo, na upande wa chini palikuwa na ufa ambao mkono wangu uliingia mpaka kwenye kifundo. Maji yalikuwa yakitoka taratibu. Nilihesabu mapaa chini yake: la Mkaguzi, na mengine manne.

Niliporudi alikuwa ameketi, kofia kichwani.

"Msaragambo wa mwisho ulikuwa lini, mzee?"

"Tangu nihamie, hakuna."

"Miaka mitano! Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Paa la kwanza chini ya ndiva ni langu. Mzee katoka mjini juzi, leo anawapigia watu pembe wakamlindie ukuta?" Akatazama sakafu. "Kishikwambi kinasemaje?"

"Kijani."

"Basi," alisema polepole.

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia vile, na hasira ilinipanda kwa sababu nilijua ningeweza kubofya palepale, akabaki na tangawizi zake, na hakuna mtu makao makuu ambaye angejua. Yeye ndiye aliyenifundisha nisifanye hivyo, na sasa alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba asomewe karatasi.

"Nitaandika nilichokiona," nikamwambia.

"Andika," akasema kwa sauti ndogo.

Badala ya kuandika nilitoka kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni mtu wa rika langu, nilimkuta anang'oa tangawizi. Nilipomweleza kuhusu ule ufa alishangaa kabisa, akanifuata mpaka sebuleni kwa Mkaguzi na udongo mikononi, akamwamkia, kisha akasema, "Mzee, sisi tulikuwa tunakutazama wewe. Vijana wakisema ndiva imechakaa, tunawaambia, Mkaguzi mwenyewe kalala chini yake miaka mitano kimya. Mtu aliyepima milima yote hii. Kama pangekuwa na hatari, si angesema?"

Mkaguzi akavua kofia, akaiweka gotini. Alikaa hivyo mpaka mkewe akaacha kukoroga jikoni.

"Nimekosa," alisema. "Nimewakosea nyote. Piga pembe."

Pembe ilipigwa Ijumaa jioni, na Jumamosi watu walipanda. Nilikuja tena kutoka Same, nikiwa na jembe la kuazima. Mkaguzi aliwekewa kiti kando ya njia, akamsalimia kila aliyepita na kumshukuru kwa jina, hata shemeji yake. Bibi mmoja mwenye ndoo ya udongo kichwani alisimama mbele yake akasema, "Mzee wa kupima, leo umepimwa wewe," na watu wakacheka njia nzima, yeye akicheka kuliko wote. Tulizoa tope, tukang'oa miti, tukauziba ufa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Saa tisa mvua ikatunyeshea. Asubuhi alikuwa amesema hainyeshi.

Nikaandika kila kitu, ufa na kuzibwa kwake, na kwenye "Maelezo mengine" nikaandika: Msaragambo wa mwisho, Jumamosi hii, mkaguzi alikuwepo. Kijana wa makao makuu alinipigia nikiwa bado kwa mzee. "Dada, samahani, hii msaragambo ni kifaa cha aina gani?" Mkaguzi akaomba simu. Alimweleza karibu nusu saa, kuanzia pembe mpaka makande, na kijana wa watu alikuwa mpole, akasikiliza yote. Walikubali, kwa sharti kwamba ndiva ikaguliwe kila mwaka. Binti wa Moshi aliposikia alisema sawa, ila baba asiseme hakuambiwa kwamba mlimani ni baridi.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa. Yalipokwisha nilipanda kumpelekea hati yake ya bima. Nilimkuta mlangoni, tukasalimiana, hakunikaribisha chai. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa nyuma. Kalenda haikuwepo. Kiti kilikuwa kimerudishwa mezani, na mistari yote mitano ilikuwa wazi kwa kila anayeingia. Juu ya ule wa tano ukuta ulikuwa mkavu, na chini yake ulikuwa umeanza kukauka. Nikainama nikanusa. Nilisikia harufu ya tangawizi kutoka jikoni, basi.

Akatoa kalamu ya risasi mfukoni akanipa.

"Andika wewe," alisema. "Mimi hii nyumba naipenda."

Nikachora mstari wa sita pale unyevu ulipoishia sasa, chini ya wa tano, nikaandika masika na mwaka. Kisha tukakaa, mama akaleta makande.